Filimbi Iite Watu, Isiite Mauti



Tangu miaka kadhaa mitaa mingi ya Lubumbashi imejifunza kulala jicho moja wazi. Katika Katuba na Kenya, katika Rwashi na Kampemba, na hata katika mitaa mipya ya komini ya Annexe, ambako nyumba zilitangulia balabala na balabala zikatangulia taa, watu wanajua maana ya mlio wa risasi saa nane ya usiku. Wenye silaha hawaji mmoja mmoja. Huvunja mlango wa lupango, huuliza pesa za duka, huchukua simu, na wakikawizwa kidogo hupiga risasi. Asubuhi sisi wengine tunakwenda kwenye matanga, tunakaa kimya juu ya viti vya kuazima, tunaimba, tunazika, tunarudi nyumbani kuongeza komeo jingine mlangoni. Ni wachache kati yenu wasiomjua mtu aliyefiwa namna hiyo.

Kwa ajili hiyo watu walianza kupiga filimbi. Hakuna aliyewafundisha. Ni filimbi zile zile za mwalimu wa mpira, zinazouzwa sokoni kwa bei ndogo. Lupango moja likivamiwa, watu wake wanapiga, jirani anaitikia, wa tatu anagonga sufuria, kwa kitambo kidogo avenyu nzima imeamka. Mwenye bunduki ana risasi za kutosha nyumba moja, hana za kutosha avenyu nzima. Mara nyingi hukimbia kabla hajamaliza kazi yake.

Tunataka kusema wazi tangu mwanzo: filimbi ni jambo jema. Sisi makatekista na wazazi tunaoandika ukurasa huu tunazo nyumbani mwetu, zinaning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu anayeamka kitandani kwa hofu ya jirani yake, akatoka gizani bila kujua atakutana na nini, amefanya tendo la upendo, hata kama hakulipa jina hilo. Nabii Ezekieli, katika sura ya 33, anaeleza kazi ya mlinzi juu ya ukuta: akiuona upanga unakuja na asipige baragumu, damu ya watu itadaiwa mkononi mwake. Basi asiyepiga filimbi kwa kuwa nyumba inayovamiwa si yake, naye atadaiwa.

Lakini tuangalie kazi ya mlinzi yule ni ipi. Kazi yake ni kuwaamsha watu. Ezekieli hasemi kwamba mlinzi ndiye mhukumu, wala hasemi kwamba ndiye mnyongaji. Hapo ndipo lilipo jambo tunalotaka kuzungumza nanyi.

*Usiku mmoja katika avenyu yetu*

Ilikuwa majira ya mvua na umeme ulikuwa umekatika. Filimbi zilianza upande wa chini wa avenyu, tukatoka. Tulipofika tulikuta vijana wamekwisha kumkamata mtu. Alikuwa amepiga magoti katika matope, shati limepasuka, damu inamtoka puani. Mfukoni mwake wamekuta simu mbili. Walisema, mtu anayetembea saa tisa ya usiku akiwa na simu mbili ni mwivi, na wenzake wenye bunduki wako karibu. Mmoja akaja akivingirisha tairi. Mwingine alikuwa na petroli katika chupa.

Tuliwafahamu kwa sauti zao, ingawa kulikuwa giza. Baadhi yao walikuwa wamepokea Kipaimara mwaka ule ule. Sisi ndio tuliowafundisha paji saba za Roho Mtakatifu.

Na sisi tulifanya nini? Tuwaambie ukweli, maana ukurasa huu hautafaa kitu tukiuficha. Tulisema, "Ngojeni kwanza," kwa sauti ndogo, na hakuna aliyesikia. Kisha tukasimama karibu na ukuta. Tuliogopa kwamba tukimtetea wataona tunashirikiana naye. Tuliogopa watoto wetu wenyewe.

Aliyemwokoa mtu yule ni mwanafunzi mmoja wa sekondari, ambaye hata hakuwa anatafuta kumwokoa. Aliuliza tu: "Wewe ni nani? Unalala wapi?" Mtu yule akataja jina lake, akataja avenyu, akataja na mwenye lupango anamopanga. Kulikuwa avenyu tatu tu kutoka pale. Baada ya jina kutajwa, haikuwa rahisi tena kuwasha kiberiti. Vijana wawili wakaenda kugonga. Wengine wakabaki wakibishana kama wangoje au wasingoje. Kisha mwenye lupango akafika, blanketi mabegani, akasema: huyu ni mpangaji wangu, anafanya kazi ya usiku katika tanuri la mikate, simu ya pili ni ya kazi.

Tulimpeleka kupangusa damu. Watu wakarudi nyumbani mmoja mmoja bila kuagana. Tairi lilibaki kando ya balabala siku tatu. Hakuna aliyetaka kuonekana akiliondoa.

*Je, kama angekuwa mwivi kweli?*

Tungeweza kuishia hapo na kusema: angalieni, msije mkamwua asiye na kosa. Funzo hilo ni la kweli, lakini ni jepesi mno, maana kila mtu ataitikia kisha atasema, "Safari nyingine tutahakikisha kwanza." Swali gumu ni hili: kama yule kijana angekuwa mwivi kweli, na bunduki ikakutwa chini ya shati lake, je, tairi lingekuwa haki? Sisi tunajibu: hapana. Na tunatoa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni ya akili tu, hata asiyesali anaweza kuipokea. Bunduki haioti katika shamba la mihogo. Yupo aliyeiuza, aliyeikodisha au aliyeiazima kwa usiku mmoja. Yupo anayetunza risasi. Yupo aliyewaonyesha wevi kwamba nyumba fulani imeuza kiwanja wiki hii, au kwamba mbadilishaji wa pesa fulani hurudi nyumbani na mfuko. Mahakama za kijeshi za nchi yetu zimewahukumu zaidi ya mara moja watu wenye sare kwa unyang'anyi wa silaha. Kwa hiyo tunajua kwamba njia ya bunduki mara nyingine huanzia mahali ambapo ingepaswa kulindwa. Sasa, ukimchoma yule aliyekamatwa nayo, umeuchoma mdomo pekee ulioweza kumtaja mwenye bunduki. Kesho mwenye bunduki atatafuta kijana mwingine, na vijana wasio na kazi hawakosekani. Katika usiku wa tairi anayefaidi ni yeye, maana siri yake imegeuka majivu na mikono iliyomfanyia kazi hiyo ni yetu.

Sababu ya pili ni mafundisho ya Kanisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2263, inakubali haki ya kujilinda. Mtu anayevamiwa anaweza kuzuia nguvu kwa nguvu, kwa kadiri inayohitajika, na baba wa nyumba anao hata wajibu wa kuwalinda walio wake. Hatuwaambii mkae mikono mitupu mkitazama dada zenu wakidhulumiwa. Lakini kujilinda kuna mwisho wake. Mtu akikwisha kunyang'anywa silaha, akafungwa kamba, akakaa chini katikati ya watu hamsini, hatari imekwisha. Kinachofuata hapo hakiitwi kujilinda tena. Kinaitwa kuua.

Na hapa tukumbuke jambo lililotokea katika nchi yetu. Mwezi wa Machi 2024 serikali iliondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo, zuio lililokuwa limedumu tangu 2003, na kati ya makosa yaliyotajwa ni ujambazi wa mijini unaosababisha kifo. Wengi walishangilia. Tunaelewa kwa nini. Anayeshangilia mara nyingi ni yule aliyezika. Lakini Kanisa, tangu Baba Mtakatifu Fransisko aliposahihisha namba 2267 ya Katekisimu mwaka 2018, linafundisha kwamba hukumu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa inashambulia heshima ya mtu isiyofutika. Kama tunasema hivyo juu ya mahakama yenye waamuzi, mashahidi, mwanasheria na rufani, tutasema nini juu ya avenyu iliyohukumu kwa dakika ishirini, gizani, kwa ushahidi wa simu mbili?

Sababu ya tatu inawahusu ninyi wenyewe. Umati hauna jina, lakini kila mkono una mwenyewe. Siku ile Yerusalemu ilipopiga kelele mbele ya Pilato, hakuna aliyedhani anaua. Kila mmoja alichangia sauti tu. Bwana wetu alikufa kwa mchango wa sauti nyingi. Kijana aliyevingirisha tairi katika avenyu yetu si mtu mbaya. Anamsaidia mama yake kuuza makaa, anaimba sauti ya tatu kwenye kwaya. Lakini juma zima lililofuata hakuja mafundisho, na alipokuja alikaa karibu na mlango. Kama tairi lile lingewashwa, angebeba nini maisha yake yote? Nani angembebea?

*Wanaosema: basi tutafute bunduki sisi pia*

Wako wengine wanaosema filimbi ni mchezo wa watoto. Mtaa ujipatie silaha, kisha tutaona nani atakuja. Kwa hao tunajibu kwa historia yetu wenyewe, maana Katanga imekwisha kulipa ada ya somo hili.

Vita vilipoanza mwaka 1998, vijana wa vijijini kaskazini mwa Katanga, tuliowaita Mai-Mai, walipewa silaha ili wasaidie kuzuia adui. Adui alipoondoka, silaha hazikuondoka. Katika miaka ya 2004 hadi 2006 nchi iliyo kati ya Mitwaba, Manono na Pweto iliitwa pembetatu ya kifo. Vijiji vilichomwa, watu kwa maelfu mengi wakakimbia. Gédéon Kyungu Mutanga, aliyekuwa mkubwa wao, alijisalimisha mwaka 2006, akahukumiwa Kipushi mwaka 2009, akatoroka gereza la Kasapa mwaka 2011. Na tarehe 23 Machi 2013, mkesha wa Jumapili ya Matawi, wapiganaji wa Bakata Katanga waliingia hadi katikati ya Lubumbashi. Watu zaidi ya 30 walikufa siku ile. Tarehe 14 Februari 2021, Jumapili asubuhi, kambi za Kimbembe na Kibati zilishambuliwa, na tukasikia tena risasi wakati wa kwenda Misa. Hivyo ndivyo ilivyo njia ya silaha: hutolewa kwa ajili ya kulinda kijiji, na baada ya miaka kumi na mitano huingia mjini kuwaua wale wasiokuwa hata na habari nayo.

Ndugu zetu wa Kivu wana ushahidi wao. Mwaka 2005, huko Shabunda, watu waliochoka kuuawa na FDLR walijikusanya wakajiita Raia Mutomboki, yaani raia wenye hasira. Hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini baada ya miaka michache kundi liligawanyika makundi mengi, na baadhi yake yakaanza kutoza kodi na kupora raia wale wale waliokuwa na hasira. Wahenga walisema hasira ni hasara, na hasara hiyo haichagui kati ya hasira ya haki na hasira isiyo ya haki.

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006 iliona hatari hiyo. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda jeshi la binafsi au kulea vijana wenye silaha, na kinaliita kosa hilo uhaini mkubwa. Kikundi cha vijana wenye filimbi ni ujirani mwema. Kikundi hicho hicho kikishika bunduki kimekwisha kuwa kitu kingine, hata kama viongozi wake ni wanakwaya.

Tukumbuke pia kwamba Katanga iliwahi kuonyesha njia nyingine. Katika mwongo wa kwanza wa karne hii, Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda wa Kanisa la Kimetodisti, pamoja na shirika la PAREC, alipita vijijini akiwapa watu baiskeli badala ya bunduki. Wengi walicheka. Lakini baiskeli hubeba makaa, hubeba mgonjwa, hubeba mtoto kwenda shule, na aliyeipokea alikuwa na kitu cha kupoteza kama vita vingerudi.

*"Lakini polisi wanawaachilia"*

Tunasikia jibu lenu, maana tumelisikia katika kila mkutano: "Mwalimu, tukimpeleka kwa polisi leo, Jumatatu tutakutana naye sokoni, naye atatujua sura." Hatutasema kwamba ni uongo. Limetokea, na linavunja moyo. Mtu aliyepoteza ndugu hawezi kuambiwa avumilie tu.

Lakini tujiulize nasi kidogo. Tunapomfikisha mtuhumiwa kwenye ofisi ya polisi, ni nani kati yetu anayebaki? Tunamsukuma ndani, tunapiga kelele mlangoni, tunarudi kulala. Hakuna anayetoa maelezo, hakuna anayetia sahihi ile hati tunayoiita PV, hakuna anayekwenda parke wakati jalada linapofika huko. Jalada lisilo na mlalamikaji wala shahidi ni karatasi tupu. Hata mwamuzi mwaminifu hawezi kumfunga mtu kwa karatasi tupu. Na kama kuna asiye mwaminifu anayengoja pesa za kumfungulia mlango, ukimya wetu umemrahisishia biashara.

Tunajua kutoa ushahidi kuna hatari. Mtu mmoja peke yake akienda, atatishwa. Ndiyo maana tunasema tusiende peke yetu. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyetangazwa mwenye heri tarehe 15 Juni 2025, aliuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa ili chakula kibovu kisiwafikie watu. Tunamheshimu, tunaning'iniza picha yake. Lakini tuseme pia: kijana mmoja asiachwe kubeba peke yake mzigo ambao jumuiya nzima ingeweza kuubeba. Watu ishirini wakitia sahihi pamoja, atatishwa nani?

*Tunayopendekeza*

Kwa hiyo tunapeleka mbele yenu, na mbele ya jumuiya zetu hai za msingi, mapatano haya ya avenyu. Ni machache ili yashikike.

Kwanza, filimbi ina maana moja tu: njoni. Asipige mtu kwa mzaha, wala kwa ugomvi wa ndoa au wa deni. Filimbi ikidanganya mara tatu, mara ya nne watu watabaki kitandani.

Pili, wanaokesha wajulikane kwa majina. Orodha yao iwe kwa kiongozi wa avenyu na kwa mkubwa wa mtaa, na zamu iandikwe. Asiye kwenye orodha asijitie mlinzi, na asipatikane hata mmoja anayewatoza wapita njia pesa ya usiku, maana hapo ndipo kuporomoka huanzia. Ndugu zetu wa Tanzania walilijua hilo kwa Sungusungu, walinzi wa jadi walioanza huko Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walipunguza wizi wa ng'ombe, lakini mahali pengine walihukumu na kuua, hata ikabidi mwaka 1989 sheria iwatambue na kuwawekea mipaka.

Tatu, anayekamatwa aulizwe jina kwanza, mbele ya kitu kingine chochote. Tumewaeleza kwa nini. Baada ya hapo afungwe mikono, akae chini, na watu wazima wawili wasimame kati yake na umati. Tunasema watu wazima kwa makusudi. Katika Injili ya Yohane, sura ya 8, mawe yalipoanguka chini, wa kwanza kuondoka walikuwa wazee. Katika avenyu yetu wazee tulikuwa wa mwisho kufungua kinywa. Jambo hilo tunalitubu, na zamu hiyo ni yetu.

Nne, tairi na petroli visitoke nyumbani. Anayevileta aondolewe kwenye orodha usiku ule ule.

Tano, watu wasiopungua watano wamsindikize mtuhumiwa, watoe maelezo, watie sahihi, waandike namba ya jalada. Jumuiya ichange nauli ya kufuatilia parke hadi siku ya hukumu. Tunachanga kwa jeneza bila kuulizana; tuchange pia ili jeneza lipungue.

Sita, jamaa ya aliyeuawa isiachwe baada ya siku ya tatu ya matanga. Mjane na yatima wakiachwa peke yao, kisasi ndicho kitakachowatembelea.

Na kwa viongozi wetu wa komini, wa mji na wa jimbo tunasema kwa heshima, lakini bila kuuma maneno: filimbi zetu si ruhusa kwa serikali kulala. Bunduki zilizo kambini na kwenye ofisi za polisi zihesabiwe kila asubuhi, na ijulikane iliyotoka usiku ilitoka na nani. Askari alipwe kwa wakati, maana mwenye njaa hana miiko. Simu ya polisi iitikiwe. Raia anakesha usiku mmoja, miwili, mwezi mzima. Mchana analazimika kwenda kazini akisinzia. Ulinzi ni deni la serikali kwa raia wake, na sisi tunalidai kwa barua, kwa sahihi zetu, mchana kweupe.

*Neno la mwisho kwenu*

Vijana wapendwa, kuna jambo moja linalotuuma zaidi. Wengi wa wale wanaokamatwa na bunduki wana umri wenu. Hawakushuka kutoka mbinguni wala hawakutoka nchi ya mbali. Walikaa shuleni kwenye benchi moja nanyi, wengine walikuwa Xaveri au Kiro, wengine walianza katekesi wakaacha. Sisi walimu tulikuwa tukifuta majina ya watoro kwa kalamu nyekundu, tukaendelea na somo. Hatukuenda kuuliza kwa nini hawaji. Pengine hapakuwa na ada ya shule, pengine baba alipoteza kazi, pengine walikwisha kwenda kwenye mashimo ya madini kutafuta maisha. Jina lililofutwa na mwalimu huandikwa na mwingine, na huyo mwingine anazo bunduki za kukodisha.

Ninyi mnawajua kabla yetu. Mnajua nani ameanza kuonyesha pesa zisizo na asili, nani halali tena nyumbani. Hatuwaombi muwe wapelelezi. Tunawaomba mumwendee rafiki yenu mapema, wakati maneno bado yanaingia sikioni, kabla ya usiku ule ambapo mtakutana naye gizani, yeye na bunduki, ninyi na tairi, na hakuna atakayeuliza jina.

Yule kijana wa tanuri bado anaishi avenyu tatu kutoka kwetu. Kila siku alfajiri hupita akitoka kazini. Wanaokesha humsalimia, naye huitikia. Lakini tumegundua kwamba siku hizi, kabla hajafika kwenye kona yetu, huanza kutaja jina lake kwa sauti kubwa. Mji ambamo mtu inampasa kujitambulisha kwa kelele ili asichomwe si mji tunaotaka kuwaachia. Tutafanya kazi, sisi na ninyi, hadi siku atakapopita kimya.

*Maswali kwa ajili ya kundi*

1. Katika avenyu yenu, filimbi imekwisha kutumiwa kwa jambo gani lisilo wizi? Mlifanya nini?

2. Someni pamoja Yohane 8, aya 1 hadi 11. Ni nani kati yenu angeuliza jina la mtuhumiwa, na angehitaji msaada gani ili athubutu?

3. Taja kimoyomoyo rafiki mmoja aliyeacha kuja kundini mwaka huu. Nani atakwenda kumwona juma hili?